Meza ya Karata Uani Kwangu

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Sukari hakuna tena dukani. Siku ya nne leo. Vitumbua nimepika vichache, chai ya tangawizi kavu. Wateja wamenuna. Mgahawa mtupu asubuhi nzima, nzi tu.

Saa tisa alasiri wanaume wakaja, wakapita moja kwa moja uani. Hiyo meza ya karata ndiyo inayonilisha. Kila mchezo shilingi yangu moja, ashinde yeyote. Kaka Deo, yule mwendesha winchi wa bandarini, mtu wa Songea, kashinda mara tatu. Kawanunulia wote chai. Ana kicheko kizuri.

Mwalimu wa kisomo anasema tuandike kila siku, hata mistari miwili, herufi zisituponyoke. Hii imepita miwili.

Jumatano, 6 Agosti

Deo kaliwa. Fedha zilimwishia, akavua saa ya mkono. Mali ya rehani nashika mimi. Mtu asipoikomboa, anachukua aliyemshinda. Aliyemshinda ni Chilumba, dereva wa lori, mtu wa Nanyamba. Huyo hacheki wala hanuni.

Mabati yangu yamefika kumi na moja, yako chini ya kitanda. Yakifika ishirini naezua makuti.

Sina raha leo. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Deo kaja saa nne asubuhi. Zamu yake haijaisha. Nilipomuuliza akasema ameomba ruhusa. Macho mekundu. Kakaa mezani peke yake akichanganya karata, akigawa, akizikusanya, akigawa tena, mpaka wenzake walipofika.

Saa ya mkono imeshakwenda. Leo baiskeli. Chilumba kaipakia juu ya lori. Deo karudi kwake Likombe kwa miguu.

Biashara nzuri leo. Siandiki mengi.

Jumapili, 10 Agosti

Deo kaja na nguo za kanisani. Shati jeupe, kitabu cha nyimbo mkononi. Nyumbani wanajua yuko misani. Kitabu kakiweka mezani, karata juu yake. Mimi Mwislamu, lakini roho ilinisuta. Nilitaka kumwambia ondoka. Sikumwambia.

Mchana akatoka. Nikashukuru. Alasiri karudi na mkokoteni, juu yake cherehani kimefunikwa kanga. Akasema mkewe anajua. Nikajua mkewe hajui. Nikakipokea.

Kaliwa na Chilumba kabla ya magharibi. Leo hana lori, cherehani kimelala chumbani kwangu.

Jumanne, 12 Agosti

Mkewe kaja. Skolastika. Mwembamba, mtoto mgongoni. Sikuwa namjua. Kaingia, hakuketi, kachungulia chumbani kwangu. Kakiona cherehani.

Nikamwambia, "Dada, mambo ya mumeo kazungumze na mumeo."

Akasema, "Yeye nimeshazungumza naye. Analia, anaapa, kesho yuko hapa. Yeye mgonjwa. Nimekuja kwako wewe uliye mzima."

Basi. Hakutukana. Kaondoka.

Nina hasira. Mimi nauza chai. Mtu ana miguu yake, ana akili zake. Nani kamfunga kamba? Wako wanaume ishirini wanacheza hapa na wake zao hawaji kwangu. Mbona wao wanajua kuinuka?

Jumatano, 13 Agosti

Vitumbua vimeungua. Mara mbili.

Wiki iliyopita sikuandika yote. Naandika sasa. Siku ile ya saa ya mkono, Deo aliinuka. Alisema, "Jamani, mimi basi," akavaa viatu. Wangebaki watatu, na watatu hawachezi, wangeondoka. Mimi ndiye niliyempelekea chai. Nikamwekea sukari, ile niliyoificha kwa ajili yangu. Nikamwambia, "Kaa kidogo, kaka. Bahati yako iko njiani." Akaketi. Akavua saa.

Nilijua. Uso wake nilikuwa nimeuona. Wengine wakiliwa hutukana, wakaenda zao. Yeye akiliwa huongeza. Nilimjua kama ninavyoijua sufuria yangu, wapi inashika moto. Kila aliporudi nilifurahi.

Nani kamfunga kamba. Mimi naijua kamba.

Alhamisi, 14 Agosti

Skolastika kanishtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Tumekaa barazani kwa balozi, mimi, Skolastika, Deo, na majirani waliokuja kusikiliza. Deo katazama vidole vyake muda wote. Balozi kauliza kama nilimlazimisha. Deo akasema, "Hapana. Dada Somoe ni mtu mwema kwangu." Afadhali angenipiga kofi.

Balozi kaamua: kila mtu na akili zake, mume akae na mkewe wayamalize, na mimi nipunguze kelele uani. Karata hakuzitaja hata kwa jina. Balozi huyu anakula vitumbua vyangu bure tangu mwaka juzi. Amenipa haki. Haki ya vitumbua.

Nilishinda. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Ijumaa, 15 Agosti

Chilumba kaja kuchukua cherehani. Nikamwambia hakitoki. Akasema, mama, huo ndio utaratibu wako mwenyewe. Kweli. Nikamuuliza anataka nini badala yake. Katazama chumba kizima, kainama, kaona mabati.

Kumi na moja yote. Nilimsaidia kuyapandisha kwenye lori. Moja limenikata kiganja.

Jumamosi, 16 Agosti

Cherehani nimekipeleka Likombe. Sikukodi mkokoteni. Kichwani, na kanga nimeiviringa kuwa kata, toka Ufukoni. Watu wanauliza, Somoe, unahama? Shingo inaniuma hata kuandika.

Nilidhani atanishukuru. Skolastika kakiweka chini, kazungusha gurudumu, katazama sindano. Akasema, "Mkanda umelegea." Kisha akasema, "Na baiskeli?" Akanipa maji ya kunywa. Nikanywa nimesimama.

Alasiri nimewaambia wachezaji meza imefungwa. Wamecheka. Walipoona nimeilaza miguu juu wakaondoka. Deo alibaki mlangoni. Akasema, "Dada, mara moja tu. Nirudishe baiskeli, halafu basi." Nikamkatalia. Akaanza kulia, mtu mzima, barabarani. Nikafunga mlango. Nilisimama nyuma ya mlango mpaka nikasikia viatu vyake vinaondoka.

Jumatatu, 25 Agosti

Siku tisa. Sufuria moja ya chai kwa siku, na haimaliziki. Uani kuku tu.

Nimesikia Deo amepata meza nyingine, kwa mtu mmoja nyuma ya soko. Wachezaji wangu wote wako huko. Mwenye nyumba anawapikia pilau.

Kwa hiyo nimefanya nini? Mabati sina, wateja sina, na yeye anacheza vilevile. Jirani ananiambia, umeona? Afadhali ungebaki nao wewe. Nusu ya siku nimeamini hivyo. Nimeigeuza meza ikasimama. Nimeilaza tena. Nimefanya hivyo mara mbili, kama mwehu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimekwenda Likombe tena, mikono mitupu. Nimemweleza Skolastika habari ya chai ile, na sukari, na maneno niliyosema. Yote. Cherehani kilikuwa kinalia, kikanyamaza. Akasema, "Anaamka alfajiri. Saa ya kwenda kazini ndiyo mbaya kuliko zote."

Hakusema nifanye nini. Akaendelea kushona.

Jumatano, 27 Agosti

Nimemkuta Deo njiani saa kumi na mbili unusu asubuhi, nikamwita. Nilidhani atapita. Kaingia. Nimempa chai na vitumbua viwili. Hela nimekataa. Mimi nimeketi mbele yake, kazi nimeziacha.

Vidole vyake vinagonga meza, vinagawa karata zisizokuwepo. Aliponiona natazama akaviweka chini ya mapaja. Akasema Skola amepata kazi ya kushona sare. Nikasema vizuri.

King'ora cha bandari kikalia. Akainuka. Nilitoka naye mpaka barabarani, nikasimama. Pale njia panda, kulia unakwenda sokoni, kushoto bandarini. Alisimama kidogo akafunga kamba ya kiatu. Alichelewa kuifunga.

Kashika kushoto.

Kesho nitaamka mapema, niweke maji motoni.