Kwa Dada Aliyekataa Kutufungulia Friza

Mwaka umekatika, Dada, tangu uanguke kazini ukiwa bado umevaa glavu. Wenzako walituambia hukuteseka. Neno hilo tumelishika kwa mikono miwili, maana mengine ya mwaka ule hayashikiki.

Tunakukumbuka ukiwa na kalamu ya wino mweusi sikioni. Miaka kumi na tisa ulifanya kazi maabara, ukigawa protini za binadamu zinazotengenezwa na seli za kufugwa, tone kwa tone, kwenye vichupa vidogo kuliko kidole cha mtoto, ili kila mtafiti ayeyushe anachotumia siku hiyo tu. Protini iliyoyeyuka ikigandishwa tena huharibika, ulitueleza, na sheria hiyo ukaja nayo hadi jikoni. Mchuzi wako ulikaa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, kila kimoja na lebo na tarehe yake. Shemeji aliwahi kukuta lebo kwenye ndala zake: "Ndani tu." Watoto wakakuita Bi Tarehe, nawe ukaitika.

Ulikuwa mpole, lakini hukuwa mtu wa kuyumbishwa. Ninayeandika haya ni mdogo wako, yule aliyeugua figo, na hilo nalijua kuliko wote.

Damu yangu ilikuwa imeshuka, hata nikipanda ngazi tatu natweta. Sindano ya kuongeza damu ilikuwa imekwisha hospitali, na hakuna aliyejua itafika lini. Ndipo Mama akakumbuka kwamba kazini kwako ipo protini ya jina lile lile la sindano, tele, kwenye friza. Tukaja kwako mimi na yeye, Jumapili mchana. Hatukuja kuuliza, tulikuja kuchukua.

"Si imeandikwa protini ya binadamu?" nilikwambia. "Kwani mimi nani, mbuzi?"

Hukucheka. "Imeandikwa pia ni ya utafiti tu. Hiyo tunazipa seli kwenye sahani, hatumchomi mtu. Haijasafishwa wala kupimwa kwa ajili ya mshipa wako. Naweza kukuua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kidogo tu, mwanangu," Mama alisema.

"Nisamehe, Mama. Hapana."

Nikakujibu maneno ambayo leo sitayaficha: kwamba unaithamini kazi yako kuliko damu ya baba yetu. Mumeo na watoto wakasikia. Tukaondoka bila kuaga, na chai yako tukaiacha mezani.

Dawa ilifika hospitali wiki ya tano. Nikapata nafuu, nikarudi kwenye karakana yangu ya useremala. Kinyongo chenyewe hakikupata nafuu. Ulipopiga simu niliiacha iite. Ulipokuja kwa Mama nilitorokea mlango wa nyuma. Miezi minane mizima, Dada, nikijiona mimi ndiye niliyekosewa, na ndugu wengine wakanifuata, kwa sababu aliyeugua husikilizwa.

Baada ya mazishi nilikwenda kuchukua koti lako jeupe na viatu vyako vya kazini. Mwenzako wa meza ya pili, mama mmoja mwenye miwani mizito, alinionyesha kichupa chenyewe. Nilitazamia kuona dawa. Niliona tone moja jeupe lililoganda kwenye kitako cha kichupa, na lebo inayosema yale yale uliyotuambia.

Nikamuuliza kama uliwahi kunitaja. Alivua miwani kwanza.

"Jumatatu ile alikuja macho mekundu," alisema. "Akanipa ufunguo wake wa friza. Akaniambia, 'Nishikie mpaka mdogo wangu apate dawa. Nikimwona tena anavyohema, nitaibeba ile protini.' Basi wiki tano nzima, kila akitaka kitu humo, ananiomba mimi nimfungulie."

Nilikaa kwenye stuli yako nikalikunja koti lako. Siku zote nilidhani kusema hapana kulikuwa rahisi kwako.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye hata sasa hulala upande wake tu wa kitanda. Na wanao watatu. Na Mama, anayeniuliza kila wiki kama nadhani ulimsamehe. Na wadogo zako wote, shangazi zako, wifi zako, na yule mwenzako wa meza ya pili, ambaye sasa tunamhesabu ndugu. Wa mwisho ni mimi, na nimejiweka wa mwisho makusudi.

Ulikuwa sahihi, Dada. Ni maneno matatu tu, na nilipewa miezi minane ya kuyasema ukiwa unasikia.

Tutakukumbuka siku zetu zote.