Betri Mbili za Mama Evelina

Jumamosi, Mei 2015. Heru Juu, Kasulu. Manyunyu tangu asubuhi, baridi, na moyo wangu mzito kama jiwe.

Mwezi huu dunia imechafuka. Nepali ardhi imetetemeka tena kabla hawajamaliza kuzika wa mara ya kwanza. Huko baharini Asia wakimbizi wanaelea kwenye mashua, kila nchi inawafukuza. Yote hayo nimekuwa nikiyaandika ubaoni shuleni kila asubuhi, maana mimi ndiye mwalimu mwenye redio. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Jumatano mchana redio ikatangaza: Burundi serikali imepinduliwa, watu wanacheza barabarani Bujumbura. Sikungoja hata taarifa iishe. Niliacha ugali jikoni nikakimbilia kwa Mama Evelina, mwenye nyumba wangu. Yeye kwao ni huko, na mdogo wake Onesmo aliandamana kuipinga serikali, akawa anatafutwa. Wiki mbili alikuwa amejificha darini kwa jirani.

"Mama, yamekwisha! Mwambie atoke!"

Nikampa na simu yangu. Akapiga kelele kwa Kirundi, analia huku anacheka. Onesmo akashuka darini, akarudi kwake.

Kumbe hayakuwa yamekwisha. Kufikia jana mapinduzi yalikuwa yamezimwa, na wenye marungu wa upande wa serikali wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Walimkuta Onesmo anakula na wanawe. Wakamburuta hadi mlangoni, wakampiga kichwani mpaka uso ukapotea. Mkewe alimtambua kwa shati. Jioni alipiga simu yangu, maana ndiyo namba waliyokuwa nayo.

Kiherehere changu kimeua mtu.

Leo msibani nilijibanza nyuma ya wanawake wengine. Mama Evelina akaniita, akanishika mkono mbele ya watu wote. "Huyu ndiye mwalimu aliyetuletea habari njema. Mdogo wangu alilala siku mbili kitandani mwake mwenyewe kwa sababu ya huyu."

Hakunikejeli. Alikuwa ananishukuru, Mungu wangu! Nikasema pole tu. Ningekiri pale pale, lakini mimi ni mwoga.

Akaniuliza redio leo inasemaje, njia ya kuja Manyovu, mpakani, inapitika? Mke wa Onesmo amejificha na watoto watatu, anangoja kuambiwa atoke au abaki.

Nikadanganya. Nikasema betri zimekwisha.

Sasa hivi amekuja na mvua hii hii, kafungua pindo la khanga na kunipa betri mbili mpya. Amekaa barazani kwangu, simu yangu mkononi. Nimeingia ndani eti natafuta redio, na redio iko hapa mezani. Naandika haya badala ya kuiwasha.

Anakohoa kidogo, kunikumbusha kwamba yupo. Nikitoka, nimwambie watoke?