Picha Niliyokunyima, Mzee Tulia

Baba, leo mwaka umekatika tangu ututoke, na studio yako iko katika mikono salama. Haijafungwa hata siku moja! Saa mbili kamili nafungua, nafagia, napangusa kamera, nanyoosha lile pazia la buluu. Wateja? Tele.

Ulikuwa mpole, hata kwa watoto waliokulilia kama wameletwa kudungwa sindano. "Tulia," uliwaambia, mtaa mzima ukakubatiza hivyo. Hukubonyeza kabla ya kuuliza, "Picha hii unampelekea nani?" Hapo uso ulifunguka. Askari jela mmoja, pande la mtu, alijibu, "Mama," kisha akaomba leso.

Wiki ile ya mwisho ulikaa kitini wewe, ukanipa kamera. Nikakuigiza sauti: "Haya mzee, unampelekea nani?"

"Wewe."

Nilikuona kwenye kile kitundu, Baba, mzima mzima. Kidole kikagoma. Nikajificha kwenye mzaha: "Na hizo ndevu? Kanyoe kwanza, tutapiga kesho." Ukacheka, ukashuka. Kesho yake hukuamka.

Basi nikwambie ukweli. Tangu hapo sijapiga hata moja. Yeyote anayekaa pale, nikimchungulia, naona kama anakaa kwa mara ya mwisho. Kupiga siwezi, na kufunga siwezi pia. Nikifunga nitakuwa nimekufukuza kazini. Wateja nawaambia kamera mbovu, iko kwa fundi, Mjomba. Nyumbani nasema kazi inakwenda.

Juzi Mama alikuja, akakaa, akaweka mtandio sawa. "Nipige, mwanangu. Nataka yangu ikae karibu na kitanda cha baba yako."

Mdomo, kwa mazoea, ukajibu wenyewe: "Kamera iko kwa Mjomba, Mama. Anatafuta springi."

"Kwangu?" Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Mpwa wangu, sijaishika tangu mazishi. Na hiyo iliyoning'inia shingoni mwako ni nini, kengele?"

Mama hakucheka. "Nasubiri," alisema.

Wanaokukumbuka: mkeo, aliyekaa pale kitini hadi jioni bila kupigwa, shemeji yako fundi, mchongezi mkubwa, binti yako, aliyenikataza mizaha katika tangazo hili, nami mwanao, niliyekamatwa.

Hutatutoka moyoni, Baba.