Nyevu Hasikii

Viola, sikia yaliyonipata leo shuleni.

Asubuhi nilikuwa nafuta zile hedifoni za kusikilizia hadithi tulizoomba mimi na wewe kanisani Malindi, kama kila siku, watoto wasiambukizane magonjwa ya masikio. Mara baba yake Nyevu akaingia darasani. Ana fimbo mbichi, majani bado yako juu.

"Mwalimu, umetuma habari kuwa Nyevu hasikii. Nimekuja kumrudi hapa hapa, mbele ya wenzake."

Hasikii. Ndilo neno nililompa jirani yao jana ampelekee, na hakuongeza wala hakupunguza. Maana Nyevu akivaa hedifoni huongeza sauti mpaka wa dawati la nyuma wanaifuata hadithi.

Nikaanza kumweleza, akanikatiza, nami nikamwachia. Wanijua.

"Nyevu, njoo," baba akaita. Nyevu alikuwa ametupa mgongo, anapanga vitabu. Hakugeuka.

"Waona kiburi hicho, mwalimu?"

Akainua fimbo. Viola, aliinua fimbo na mtoto hajui hata kama babake yumo darasani.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamshika baba mkono, nikamvika yeye hedifoni ya Nyevu, kwa sauti ile ile anayoiweka mwanawe. Akaivua mbio.

"We mwalimu, wataka kunipasua masikio?"

"Hivyo ndivyo Nyevu anavyoisikiliza," nikasema. Fimbo ilikuwa bado mkononi mwake, kwa hivyo safari hii nikamaliza.

"Kutii anatii, Baba Nyevu. Ni masikio yake ndiyo hayasikii."