Mkwe wa Mama Mwadi

Jumapili, 8 Septemba 2024

Nimekubaliwa! Papa Barnabé, mjomba wake Colette, kapokea mahari niliyopeleka, kasema kuanzia leo mimi ni wa nyumbani. Colette alicheka mpaka akaziba mdomo. Mwaka na nusu napanga chumba kwenye ua wa mama yake, tangu nilipotoka Muheza kuja kusuka mota za umeme zilizoungua kwenye karakana ya hapa Likasi, Kongo. Leo mpangaji amekuwa mkwe.

Kisha Papa Barnabé akanivuta pembeni. Kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wanaita bukwe. "Kuanza leo Mama Mwadi eko mama mukwe yako. Ukimuona mu njia, weye pita ku ingine." Nikadhani ni utani. Kwetu mkwe hulishwa mpaka ashindwe kuinuka.

Jioni nikamkuta Mama Mwadi bombani, nikamwamkia kama siku zote. Akavuta kitenge, akajifunika uso wote, akaingia ndani kwa mlango wa jikoni.

Jumanne, 10 Septemba

Sahani imewekwa mlangoni kwangu, juu ya kigoda, imefunikwa. Bukari — ugali wao — na sombe, kisamvu chao, na samaki wadogo. Mkono ni wa Mama Mwadi, naujua. Nimekula peke yangu.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Mwaka na nusu huyu mwanamke ananikalisha mezani kwake na kunigombeza: "Kula, Muhina, uko mukondefu sana." Jina langu ni Mhina, kaliongezea silabi na mimi nikalizoea. Sasa nimepata mchumba, nimepoteza meza. Nililia, basi. Daftari halisemi.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimekuwa bingwa wa bukwe. Nakohoa kabla ya kutoka chumbani ili Mama apate nafasi ya kupita. Natembea nimeinamisha kichwa. Jana niligonga nguzo ya kamba ya nguo. Colette kacheka sana. "Unazidisha. Hata bakwe ba hapa habafanyake vile!"

Acheke tu. Mimi fundi, nikipewa maelekezo nafuata mpaka mstari wa mwisho. Sitaki waje kusema Mtanzania hana adabu.

Mijakaranda imechanua barabara nzima. Harusi Desemba.

Alhamisi, 3 Oktoba



Umeme ulikatika karakanani, nikarudi saa nane mchana. Colette alikuwa shuleni anakofundisha. Nikasikia ndoo imeanguka uani. Nikatoka. Mama Mwadi yuko chini kando ya bomba, kitenge kimefunguka, mdomo umekwenda upande.

Nikageuza uso. Ndivyo nilivyofanya. Nikasimama nimeelekea ukuta, nikauliza, "Mama, umeumia?" Mwanamume mzima naongea na ukuta. Akasema "Muhina" — ulimi mzito, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Nikachungulia. Alikuwa ameninyooshea mkono wa kushoto.

Sikuushika. Nilikimbia kutafuta mwanamke wa kumwinua. Jirani yetu Mamie alikuwa sokoni. Nyumba ya pili hakuna mtu. Mwishowe nikawapata kina mama wawili wanafagia kanisa. Tukarudi, wakamsitiri, wakamwinua, tukatafuta gari. Karibu saa nzima imepita.

Ijumaa, 4 Oktoba

Daktari kasema ni kiharusi. Upande wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Akauliza alianguka saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza mara ya pili, nikamjibu vilevile, akaandika. Hakunilaumu. Kasema tu kwamba kwenye ugonjwa huu kila dakika ina kazi yake.

Colette alikuwa nyuma yangu, anasikia.

Jumapili, 6 Oktoba

Papa Barnabé kaja chumbani kwangu. Hakupandisha sauti, angepandisha ingekuwa nafuu.

"Nyumba inawaka moto, weye unapiga hodi?"

Nikamwambia nilifuata aliyonifundisha mwenyewe. Akakaa kitandani. "Bukwe ni heshima, mutoto yangu. Ungemubeba. Kisha ungeleta kuku moja, vinaisha."

Kuku mmoja. Kumbe ndiyo faini yake, na hapa kila mtu anaijua. Hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu wa kuambiwa. Kuku mmoja! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mgeni alikuja.

Jumatatu, 7 Oktoba

Colette kasimama mlangoni, hakuingia. Kasema hana hasira. "Lakini kila mara minakuangalia, minaona mama chini, na weye unaangalia ukuta." Kasema ya Desemba tuyaache. Na hospitalini nisije tena.

Nilitaka kumwambia nampenda mama yake kuliko anavyojua. Ningeonekana najitetea.

Kigoda bado kipo pale mlangoni. Hakuna sahani.

Jumatano, 9 Oktoba

Mamie kaniambia Mama Mwadi anakataa uji wa hospitali, anafumba mdomo. Siku ya tatu sasa. Nikasaga karanga, nikapika uji wa kwetu. Nikaja. Nilikatazwa, najua.

Nilifika mlangoni mwa wodi na bakuli. Colette alikuwa kando ya kitanda. Akaniona, akakaza uso. Mama Mwadi akageuza macho, naye akaniona.

Nilijiandaa kwa lolote. Anifukuze kwa kidole. Ageukie ukuta, hiyo ningeielewa. Mkono wa kushoto ukaanza kupapasa kitandani, ukatafuta kitenge, ukakikosa, ukatafuta tena. Colette akataka kumsaidia, Mama akamsukuma. Akakivuta mwenyewe, polepole, kikafika kidevuni, kikapita mdomo ule uliopinda. Akajifunika uso wote.

Mtu hajifuniki uso kwa ajili ya mpangaji.

Colette akakitazama kile kitenge, akanitazama mimi, akakaa chini na kulia.

Nimerudi nyuma, nipo kwenye benchi la korido, naandika. Nikiingia na kijiko, nimevunja bukwe mbele ya wodi nzima. Nikibaki hapa, nimeelekea ukuta tena. Mlango uko wazi. Colette hajaniita, hajanifukuza. Naona kitenge kikipanda na kushuka kwa pumzi za Mama.

Kuku wanauzwa pale nje ya geti, nimewaona nikiingia. Uji bado wa moto. Naweka kalamu chini, nashika kijiko.