Mbao Zenye Majani

5 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa Baba humsumbua akishinda karakanani akiranda mbao. Macho yako je?

Mwalimu aliuliza neno "msitu" limetoka wapi. Nikajisifu kwamba shangazi yangu anaandika kamusi, nikaahidi jibu. Usiniangushe.

Tena natamani kuja ofisini kwenu likizo hii nijifunze kazi yako. Baba amekataa. Anasema maneno hayapigwi msumari.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Macho bado yanasoma, miwani ikionekana.

Neno halina cheti cha kuzaliwa. Ukitaka kumjua babu yake, tazama sura za binamu zake. Lugha nyingi ndugu za Kiswahili zina neno la msitu linalofanana na letu, basi tunaamini ni la urithi, la kale sana. "Mwitu" huenda ni nduguye. Nalo lilikuwa na maana ya msitu, ndiyo sababu twasema mbwa mwitu.

Sasa kazi. Hapa ofisini kila maana husomwa kwa sauti, na msikilizaji hutaja neno lenyewe. Akikosa, tunaandika upya. Msomee baba yako: "Mahali pakubwa penye miti mingi iliyosongamana."

Shangazi yako

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima. Habari ya binamu iliwapendeza darasani, hata mwalimu aliiandika ubaoni.

Nilimsomea Baba akiwa karakanani. Hakuinua kichwa: "Shamba la mikaratusi."

"Umekosa, Baba. Ni msitu."

"Nimekosa mimi au mdogo wangu?" Akaweka randa chini. "Shambani miti imepanga mstari kama wanafunzi. Mwambie aseme imejiotea, mikubwa kwa midogo, na vichaka chini, na wanyama wamo."

Sijapata kumsikia akisema mengi hivyo. Baadaye akaniita tena: "Andika pia, msitu ni mbao zenye majani." Mimi nilicheka; yeye hakucheka. Nilimwona anafanana nawe.

Ruhusa bado.

Mwanao

16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie kaka "imejiotea" imeingia. Mbao zake zenye majani zimekataliwa, ila mkuu wetu amezibandika mlangoni kwake. Kiti chako kipo. Sitamlazimisha baba yako.

Shangazi yako

9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilimsomea Baba barua yako. Akarudi kwenye randa yake, siku zikapita.

Jana nilimkuta akipigilia misumari kwenye sanduku dogo lenye mshikio. Nikamuuliza ni la mteja gani.

"Simama karibu," akasema, "nione kama utaweza kulibeba safarini."

Mwanao