Nyota Katikati ya Namba

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu, wewe, shemeji na hao watundu wenu. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua. Huku tu wazima. Baba anakula vizuri na bado anagombana na redio.

Mimi nimepewa barua ya kuomba radhi, niisaini kabla ya Ijumaa. Sisaini ng'o.

Unaijua kazi yangu ya kompyuta hapa hospitali. Kadi za wagonjwa hulowa na kufutika, na majina yanafanana mno, kwa hiyo namba ikibaki nusu makarani wa dirishani husema faili halipo. Basi niliwakalisha wote, nikawaambia waandike kwenye kompyuta tarakimu zinazosomeka, na palipofutika waweke alama ya nyota. Nyota maana yake ni chochote kile, na kompyuta italeta kila faili linalolingana. Ni kama kumtuma mtu akuletee ndoo yoyote, mradi mfuniko wake uwe mwekundu. Walielewa upesi kuliko wakubwa wetu.

Kesho yake karani mkongwe tunayemwita Mama Mihuri alipata mgonjwa asiye na kadi kabisa, akaandika nyota peke yake. Mafaili ya hospitali nzima yakaanza kumiminika, kompyuta zikaganda hadi mchana, naye akabeba mkoba wake akajifungia chooni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mkuu wetu hakucheka. Alisema kompyuta si mambo ya watu wa mihuri, na kwamba tangu sasa kutafuta ni kazi yangu peke yangu. Nikamjibu mbele ya wote: "Na siku nikiugua mimi, wagonjwa warudi nyumbani?" Ndipo barua ikaandikwa.

Kaka, sasa nikwambie linalonikaba. Baba aliporudishwa nyumbani mara mbili pale dirishani kwa sababu ya ile kadi iliyofuliwa pamoja na shati, hadi jicho likaharibika, ulikuja ukamtukana Mama Mihuri, nami nikanyamaza. Yeye hakuijua nyota. Mimi niliijua mwaka mzima kabla. Sikumfundisha mtu kwa sababu nilipenda kuitwa, nilipenda wanibembeleze. Na wiki hiyo nilikuwa likizo, nimejilaza kwenye kochi lako. Jicho la baba nimelipoteza mimi.

Baba nimemwambia jana. Aliniuliza tu kama yule mama sasa anaijua hiyo nyota. Nikasema anaijua.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Hasira zako nielekezee mimi, na ukija, pitia dirishani kwanza umwombe radhi Mama Mihuri. Mimi nimeshamwomba, na radhi nyingine sina.

Ni mimi mdogo wako,
mbishi wenu